Kingamwili za tezi zimeshuka, mbona nywele bado zinanyonyoka? Jibu kuhusu seleni na ugonjwa wa Hashimoto

*"Nina umri wa miaka 36. Miaka miwili iliyopita niligundulika kuwa na ugonjwa wa Hashimoto, yaani kinga ya mwili inaishambulia tezi yangu ya thairoidi, na tangu wakati huo ninatumia dawa ya levothairoksini mikrogramu 75 kila asubuhi. Kipimo cha mwisho cha TSH, homoni ambayo ubongo huitumia kuiamuru tezi, kilikuwa 2.4 na daktari akasema kiko sawa. Hata hivyo ninachoka, nywele zinanyonyoka, na kingamwili za TPO, zile zinazoilenga tezi, zilikuwa 820. Rafiki yangu mwenye tatizo kama langu alinishauri nitumie madini ya seleni, akisema ndiyo inayotibu chanzo, na kwamba dawa ya hospitali inafunika dalili tu. Kwa miezi mitano nimekunywa kidonge cha mikrogramu 200 kila siku, pamoja na vidonge vya nywele na kucha ambavyo navyo vina seleni mikrogramu 100, na kila jioni ninakula njugu za Brazili mbili au tatu kwa sababu nilisoma kwamba zina seleni ya asili. Kingamwili zimeshuka hadi 540. Nilifurahi sana, lakini uchovu uko palepale na nywele zinanyonyoka kuliko mwanzo. Je, niongeze kidonge cha seleni hadi 400 ili kingamwili ziishe kabisa? Na je, sasa ninaweza kupunguza levothairoksini nusu? Mimi na mume wangu tunatarajia kutafuta mtoto mwaka ujao, na nisingependa kuendelea na dawa nyingi."*

Dada yangu, nakushukuru kwa swali lililoandikwa kwa ukamilifu. Umetaja vipimo, muda, na kila kitu unachomeza, na sehemu kubwa ya jibu lako imo katika hayo uliyoyataja kwa kupita tu. Kwa ufupi, usiongeze seleni, usipunguze levothairoksini, na kwa maoni yangu uache kwanza vyanzo vyote vitatu vya seleni unavyotumia hivi sasa mpaka utakapoonana na daktari wako. Nitaeleza sababu moja baada ya nyingine, maana ushauri wa kuacha kitu kilichokupa matumaini haufuatwi kwa muda mrefu kama mtu hakuelewa kwa nini ameambiwa aache.

Tuanze na hesabu. Kidonge chako kikuu kina mikrogramu 200, na vidonge vya nywele vinaongeza 100, kwa hiyo tayari umefika 300. Njugu za Brazili ndizo chakula chenye seleni nyingi kupita vyote vinavyojulikana: majedwali ya lishe ya Marekani huzipa takriban mikrogramu 544 kwa kila gramu 28, ambazo ni njugu sita hadi nane. Kwa wastani, basi, njugu moja inaweza kubeba mikrogramu 70 hadi 90, ingawa kiasi halisi hutofautiana mno kulingana na udongo ulioikuza, na hakuna anayeweza kukijua kwa kuitazama. Njugu mbili au tatu zinaweza kuleta 150 au hata zaidi ya 250. Ukijumlisha vyote, kabla hata hatujahesabu samaki, mayai, nyama na nafaka katika milo yako ya kawaida, huenda unapata mikrogramu 450 hadi 550 kwa siku. Mahitaji ya mtu mzima, kwa viwango vya Marekani, ni 55. Kikomo cha juu kilichowekwa huko ni 400, na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, ilipopitia upya ushahidi mwaka 2023, ilikiweka chini zaidi, yaani 255. Kwa hiyo unaponiuliza kama uongeze ufike 400, ukweli ni kwamba yaelekea umekwisha kuipita 400 bila kujua.

Kinachonishughulisha zaidi ni sababu iliyowafanya wataalamu wa Ulaya wachague namba hiyo ya 255. Walitegemea jaribio kubwa lililoanza mwaka 2001 huko Amerika ya Kaskazini, ambamo wanaume zaidi ya 35,000 walifuatiliwa ili ionekane kama seleni mikrogramu 200 kwa siku, vitamini E, au vyote viwili vingezuia saratani ya tezi dume. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2008 kwa sababu faida iliyotarajiwa haikuonekana. Lakini katika kumbukumbu zake ilibainika kwamba waliomeza seleni walinyonyoka nywele mara nyingi zaidi kidogo kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ukichanganya kidonge na chakula chao, walikuwa wakipata takriban mikrogramu 330 kwa siku, na kikomo cha Ulaya kilikokotolewa kuanzia hapo. Kwa maneno mengine, kunyonyoka nywele ndiyo dalili ya mapema iliyotumika kupima mahali ambapo seleni huanza kuwa nyingi mno, nawe umeniandikia kwamba nywele zimezidi kunyonyoka tangu ulipoanza kuitumia.

Sisemi kwamba nimekwisha kupata jibu. Nywele hunyonyoka kwa sababu nyingi, na nitazirudia. Lakini jiangalie: je, kucha zimekuwa laini, zinakatika kwa urahisi, au zina mistari myeupe? Je, kuna ladha ya chuma mdomoni, au watu wa nyumbani wamewahi kukuambia kwamba pumzi yako ina harufu ya kitunguu saumu siku ambayo hukukila? Je, tumbo limekuwa likichafuka, au umekuwa mwepesi wa hasira kuliko kawaida yako? Hizo ndizo dalili za seleni iliyozidi. Mwaka 2008, nchini Marekani, kinywaji kimoja cha virutubisho kilichanganywa kimakosa kikawa na seleni mara 200 ya kiasi kilichoandikwa kwenye chupa, na watu 201 waliugua. Wengi wao walipoteza nywele, kucha zao zikaharibika, wakaharisha na kuchoka mno. Kiasi chako hakikaribii hata kidogo kile walichokunywa, kwa hiyo usipatwe na hofu. Nimeutaja mkasa huo kwa sababu uchovu na nywele kunyonyoka ndizo dalili zinazowapeleka wagonjwa wengi wa tezi kwenye chupa ya seleni, na seleni ikizidi huleta dalili hizohizo. Mtu anaweza kuzunguka humo mwaka mzima, akiongeza kidonge kila anapoona nywele kwenye kitana.

Sasa tuje kwenye tezi yenyewe, kwa sababu rafiki yako hakubuni jambo kutoka hewani. Tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, ina seleni nyingi kwa kila gramu kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na iko hivyo kwa sababu ya kazi yake. Ili kutengeneza homoni, tezi huchukua iodini, yaani madini joto, na kuipachika kwenye protini maalumu kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho TPO. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila haidrojeni peroksaidi, kemikali kali ambayo tezi huizalisha yenyewe, mchana na usiku, maisha yote. Ni kama mhunzi anayeishi ndani ya karakana yake: bila moto hakuna jembe, lakini cheche zikiachwa zitaunguza paa. Wanaozima cheche hizo ni vimeng'enya vilivyojengwa kwa seleni. Mwili wa binadamu una jeni 25 za protini za namna hiyo, na miongoni mwa protini hizo vimo pia vile vinavyong'oa atomi moja ya iodini kutoka homoni ya T4 ili kupata T3, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Seleni ikipungua sana, kinga hiyo hudhoofika, chembe za tezi huumia, na mabaki yake huzidi kuwashtua askari wa mwili ambao tayari wamekosea adui. Hoja ya kwamba seleni inahusika na ugonjwa huu ina msingi wa kweli.

Kosa linaingia pale mtu anapodhani kwamba kama kidogo kinahitajika, basi kingi kitasaidia zaidi. Protini hizi zina ukomo. Zikishapata seleni ya kuzitosha, vidonge vya ziada haviziongezi, na ziada hiyo haitoki yote kwa mkojo kama watu wanavyofikiri. Seleni iliyo katika hamira na katika vidonge vya selenomethionini hufanana sana na kijenzi cha kawaida cha protini, yaani methionini, na mwili huipachika ovyo ndani ya misuli na viungo vingine mahali ambapo methionini ingekaa, ikawa akiba isiyo na kazi maalumu. Tena, hata upungufu unapokuwapo, mwili hupanga foleni: vimeng'enya vya kubadili T4 kuwa T3 huhudumiwa miongoni mwa vya kwanza. Ndiyo maana mtu anayekula vizuri hawezi kutegemea kwamba kidonge cha seleni kitamwongezea T3 na kumwondolea uchovu.

Nakuja sasa kwenye namba iliyokufurahisha. Kutoka 820 hadi 540 ni kushuka kwa asilimia 34 hivi, na sina sababu ya kulitilia shaka. Mwaka 2002, watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la wanawake 70 wenye ugonjwa kama wako, ambao nusu yao walipewa seleni mikrogramu 200 kwa miezi mitatu. Kwa wastani kingamwili zilishuka kwa takriban asilimia 36 kwa waliopata seleni, na asilimia 12 kwa waliopata kidonge kisicho na dawa. Matokeo yako yanafanana na yao kana kwamba ulikuwa mmoja wao. Lakini itazame ile 12. Kingamwili hupanda na kushuka zenyewe, hutofautiana kati ya maabara na maabara, na kwa wagonjwa wengi wanaotumia levothairoksini hupungua polepole kadiri miaka inavyokwenda hata kama hawajawahi kusikia neno seleni. Kwa hiyo sehemu ya mshuko wako huenda ingetokea tu, na sehemu nyingine nakubali kabisa kwamba imeletwa na kidonge.

Swali lililobaki ni kama mshuko huo unakununulia chochote. Daktari Hakaru Hashimoto wa Japani alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1912, alichokiona kwenye darubini ni tezi zilizojaa chembe nyeupe za damu zilizokuwa zikizibomoa, na mpaka leo chembe hizo ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya uharibifu. Kingamwili tunazozipima kwenye damu ni kama nyayo za mwizi uani. Zinakuambia kwamba alipita, na ndiyo maana zina thamani kubwa siku ya kuutambua ugonjwa. Utafiti wa Whickham huko Uingereza, uliofuatilia watu kwa miaka 20, ulionyesha kwamba wanawake wenye TSH iliyopanda pamoja na kingamwili waliingia kwenye upungufu kamili wa homoni kwa kasi ya asilimia 4 hivi kila mwaka, na wenye kingamwili peke yake kwa kasi ya takriban nusu ya hiyo. Lakini wewe umekwisha kuvuka daraja hilo. Unatibiwa. Kufagia nyayo hakurudishi kilichoibiwa, na sijui mwongozo wowote wa kitabibu unaomtaka daktari apime kingamwili kila baada ya miezi michache ili kupanga dozi ya mgonjwa kama wewe. Kwa kweli nadhani kipimo hicho cha kurudiarudia kimewapotezea wagonjwa usingizi kuliko kilivyowasaidia.

Jambo hili halikuachwa kwenye nadharia. Huko Denmaki, watu wazima 412 wenye Hashimoto waliokuwa tayari wanatumia levothairoksini walipewa seleni mikrogramu 200 au kidonge kisicho na dawa kwa miezi 12, na matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Kingamwili zilishuka kwa waliopata seleni, kama zako zilivyoshuka. Lakini walipoulizwa kuhusu uchovu wao na ubora wa maisha yao kwa jumla, makundi mawili hayakutofautiana, wala dozi ya levothairoksini waliyohitaji haikupungua. Kwa haki niongeze kwamba mwaka huohuo uchambuzi uliokusanya majaribio 35 uliona TSH ikishuka kidogo kwa wagonjwa waliopewa seleni kabla hawajaanza homoni yoyote. Mgonjwa wa kundi hilo anaweza kulizungumza na daktari wake. Wewe haumo katika kundi hilo, na wagonjwa wa Denmaki ndio wanaofanana nawe.

Naomba tuliondoe pia lile neno la kwamba levothairoksini "inafunika dalili". Dawa ya maumivu hufunika maumivu. Levothairoksini ni ile T4 yenyewe ambayo tezi yako ilipaswa kuitoa, yenye umbo lilelile la kikemia, na mwili wako hauwezi kutofautisha iliyotoka kwenye kidonge na iliyotoka shingoni. TSH yako ya 2.4 inatuambia kwamba ubongo umeridhika na kiasi unachokipata. Seleni haitengenezi homoni. Inalinda karakana, na karakana yako imekwisha kubomoka kiasi cha kuhitaji msaada. Tena kuna mtego katika kupunguza dozi ambao nimewaona watu wengi wakinaswa nao. T4 huchukua siku saba hivi kupungua nusu katika damu, kwa hiyo anayekata dozi leo hujisikia vizuri tu wiki ya kwanza, pengine na ya pili, akajipongeza kwamba hakuwa akiihitaji. TSH huchukua wiki sita hadi nane kutulia kwenye kiwango kipya, na uchovu, baridi, kufunga choo na uzito hurudi taratibu wakati ambapo hakumbuki tena alichokibadilisha.

Kwako wewe mtego huo ni mbaya zaidi kwa sababu ya mtoto mnayemtarajia. Tezi ya mtoto tumboni huanza kutoa homoni mnamo wiki ya 12, na haijakomaa kabla ya katikati ya ujauzito. Kabla ya hapo, ubongo wake unakua kwa homoni ya mama. Mwanamke anayetumia levothairoksini kwa kawaida huhitaji nyongeza ya robo au theluthi ya dozi mara mimba inapoingia, na madaktari wengi hupenda TSH iwe chini ya 2.5 hata kabla ya kushika mimba. Kwa hiyo badala ya kupunguza, panga na daktari wako sasa hivi kwamba siku kipimo cha mimba kitakapokuwa chanya mtafanya nini na dozi, nani utampigia simu, na damu itapimwa lini. Kuhusu seleni wakati wa ujauzito, jaribio moja la Italia la mwaka 2007 lilitoa matumaini kwamba huenda inapunguza uvimbe wa tezi unaotokea baada ya kujifungua, lakini mwongozo wa Chama cha Tezi cha Marekani wa mwaka 2017 hauipendekezi kwa wajawazito wenye kingamwili za TPO. Mjamzito anahitaji mikrogramu 60 kwa siku, kiasi ambacho chakula mchanganyiko kwa kawaida hukitoa.

Isije ikaonekana kwamba naichukia seleni. Mahali ambapo udongo hauna seleni ya kutosha, upungufu wake ni ugonjwa wa kweli: ugonjwa wa moyo uliopewa jina la wilaya ya Keshan nchini China ulipungua sana watu walipoanza kupewa seleni, na Finland huiweka kwenye mbolea tangu miaka ya 1980. Upo pia ugonjwa mwingine wa tezi, wa Graves, ambao unaweza kuvimbisha macho. Jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha kwamba wagonjwa ambao macho yao yameathirika kidogo walinufaika na mikrogramu 100 mara mbili kwa siku kwa miezi sita, na miongozo ya huko inaikubali tiba hiyo kwa muda huo tu. Ona namna ilivyofungwa: mgonjwa maalumu, dozi maalumu, mwisho unaojulikana. Lipo na funzo lililopatikana kaskazini mwa Zaire, kama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilivyoitwa wakati huo. Watafiti waliwapa seleni watu waliokuwa na upungufu wa seleni pamoja na iodini, wakatarajia nafuu, lakini homoni ya T4 ikashuka zaidi, kwa sababu vimeng'enya vilivyofufuka viliitumia haraka homoni kidogo iliyokuwapo huku iodini ya kutengenezea nyingine haipo. Tangu hapo inajulikana kwamba mwenye upungufu wa iodini arekebishiwe iodini kwanza.

Kuhusu matumizi ya miaka mingi, ushahidi hauniruhusu nikutulize. Jaribio moja la zamani la Marekani lililotumia mikrogramu 200 kwa siku lilikuja kuonyesha kisukari cha aina ya pili kikiongezeka kwa waliomeza seleni, hasa wale ambao tangu mwanzo damu yao ilikuwa nayo ya kutosha. Huko Denmaki wazee waliopewa 300 kwa miaka mitano walionekana kufariki zaidi katika miaka iliyofuata kuliko wenzao. Hao walikuwa wazee, nawe umetumia miezi mitano tu, kwa hiyo siioni hatari iliyokwisha kukupata. Naona tu kwamba unalipa gharama ya kitu ambacho hakijakupa faida yoyote zaidi ya namba kwenye karatasi.

Uchovu na nywele bado vinahitaji maelezo, na ningeomba vitafutwe kwa utaratibu. La kwanza ni akiba ya chuma mwilini, inayopimwa kwa feritini, kwa sababu mwanamke wa umri wako anaweza kuwa na akiba iliyokauka huku wingi wa damu ukionekana wa kawaida, na nywele ni miongoni mwa vitu vya kwanza kulalamika. La pili ni vitamini B12, maana wenye Hashimoto hupatwa mara nyingi zaidi na ugonjwa wa tumbo unaozuia vitamini hiyo kufyonzwa. Daktari anaweza pia kufikiria vitamini D, sukari, ugonjwa wa utumbo unaochokozwa na ngano, namna unavyolala na hali ya moyo wako, kwa kuwa sonona huvaa nguo za uchovu mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Kama nywele zinatoka kwa viraka vya mviringo, mwambie, kwani huo ni ugonjwa mwingine ambao pia ni wa kinga ya mwili kujishambulia.

Vidonge vyako vya nywele vinanipa wasiwasi wa aina mbili zaidi. Vingi vya namna hiyo vina biotini kwa wingi, na biotini huvuruga baadhi ya mashine za maabara, ikaifanya TSH ionekane ndogo na T4 ionekane kubwa kuliko zilivyo. Kama ulikuwa ukivimeza wakati wa vipimo, hata ile 2.4 inafaa irudiwe baada ya kuacha biotini kwa siku mbili au zaidi, kadiri maabara itakavyokuelekeza. Vingine vina chuma na kalisiamu, ambavyo hushikamana na levothairoksini tumboni na kuizuia isifyonzwe. Dawa yako imeze kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa, na chochote chenye chuma au kalisiamu kisogeze mbele kwa saa nne. Soma pia kama kuna mwani au iodini iliyoongezwa humo, kwa sababu iodini nyingi inaweza kuizidishia makali Hashimoto.

Ukisimamisha seleni hutapata madhara ya kuiacha ghafla, na hakuna haja ya kuipunguza taratibu. Kingamwili huenda zikapanda tena, ziache zipande. Ikiwa nywele zilikuwa zikinyonyoka kwa sababu yake, usitegemee mabadiliko wiki ijayo, kwani unywele unaotoka leo uliamuliwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Kama daktari ana njia ya kupima seleni katika damu, ni vema kipimo kichukuliwe mapema, kabla akiba haijapungua. Kikionyesha kwamba uko juu, tutakuwa tumepata jibu la nywele kwa sehemu. Kikionyesha upungufu, jambo ambalo litanishangaza, mnaweza kuzungumza juu ya dozi ndogo yenye tarehe ya mwisho.

Miadi hiyo inaweza kusubiri wiki mbili au tatu, lakini yapo mambo yasiyosubiri. Nenda hospitali siku hiyohiyo kama shingo inavimba haraka, sauti inakwaruza bila mafua, au kumeza na kupumua kunakuwa kugumu. Kama moyo unaenda mbio na kifua kinauma. Au kama unasinzia kupita kiasi, mwili umekuwa wa baridi na fikra zimechanganyika. Uchovu unaoambatana na kupungua uzito, kizunguzungu unaposimama na ngozi kuwa nyeusi zaidi kwenye mikunjo ya viganja nao uchunguzwe haraka, kwa kuwa unaweza kuwa dalili ya tezi za juu ya figo kushindwa kazi, ugonjwa ambao ni jamaa wa Hashimoto. Na mimba ikiingia kabla ya miadi, usiisubiri miadi hiyo: piga simu siku unapojua. Utakapokwenda, usiwaambie kwa kukumbuka tu. Beba chupa zote mbili pamoja na pakiti ya njugu, uziweke mezani mbele ya daktari, naye ajumlishe mwenyewe.